Shika Upande Wangu

Kwanza niseme habari za jiwe, maana bila jiwe hamtaelewa kwa nini mtu mzima kama mimi nilipanda basi kutoka Mbeya mpaka Iringa kwenda kumtembelea mtu niliyekaa naye karibu maisha yote, halafu nikashindwa kuongea naye.

Jiwe la mbolea halina uzuri wowote. Watu wakisikia fosfeti wanadhani ni kitu cha kuvaa shingoni. Ni jiwe la rangi ya majivu, lina madoa ya kahawia, na ukilishika linakuachia unga mkononi kama mtu aliyetoka kusonga ugali. Linatoka mlimani kwa lori, linamwagwa uwanjani kwetu, pembeni ya barabara kuu ukishapita Uyole, na hapo kazi inaanza. Makubwa tunayapasua kwa nyundo mpaka yaenee kwenye mdomo wa mashine ya kwanza. Mashine hiyo ina taya mbili za chuma, kazi yake kutafuna. Kinachotoka kinapandishwa na mkanda mpaka kwenye pipa kubwa linalozunguka. Ndani ya pipa kuna gololi za chuma, nyingine kubwa kama chungwa, na hizo ndizo zinazoliponda jiwe mpaka linakuwa unga. Unga ukilainika unatiwa kwenye mifuko, unakwenda kuchanganywa na vingine huko mbele, na wewe mkulima unauziwa dukani. Wengi hawajui kwamba mahindi yao yamekula mlima.

Sasa pipa lile likizunguka na gololi zake, na zile taya zikitafuna, hapo binadamu hamsikii binadamu. Utapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikutoke, mwenzako aliye karibu anaona meno tu. Mimi nilikuwa upande wa taya, nikilisha jiwe. Upande wa mkanda alikuwapo Mhehe mmoja wa Iringa, mwembamba, mrefu, ana mikono kama makasia. Mimi nilimwita Mnyalu kama tunavyowaita wote wa kwao, na yeye aliniita Mnyaki kwa kuwa nimezaliwa Tukuyu. Ndivyo tulivyojuana mpaka leo.

Hakuna aliyetufundisha kuongea kwa mikono. Ilikuja yenyewe, kidogo kidogo, kama njia inavyojichora kwenye majani watu wakipita. Ngumi juu ya kiganja, hiyo ni jiwe kubwa, ngoja nipasue. Vidole viwili kusuguana, unga umelainika. Kushika sikio, kuna mlio siupendi, sikiliza. Kiganja juu ya kichwa, bosi anakuja, maana bosi ndiye pekee aliyekuwa na kofia ngumu nyeupe. Mikono kupishana kifuani, mashine imesimama. Kukung'uta vidole kama mtu aliyenawa akakosa taulo, hiyo ni jiwe bichi. Jiwe bichi ni shida kubwa. Linanata kwenye taya, linageuka uji ndani ya pipa. Likija limelowa unalianika kwenye sakafu, unalitandaza, unaligeuza kwa koleo, na unasubiri jua. Meneja anaweza kugomba na kila mtu, lakini jiwe bichi atakaa alisubiri kama sisi.

Na ile kubwa kuliko zote, kugonga bega mara mbili halafu kuonyesha kidole pale uliposimama. Maana yake, shika upande wangu. Ukitaka kwenda chooni, ukitaka kunywa chai, vumbi likikuzidi, unagonga bega. Mwenzako anasogea katikati, mkono mmoja kwako mmoja kwake, mpaka urudi. Mashine haikuwa inazimwa kwa ajili ya chai. Kwa hiyo hatukuwahi kunywa chai pamoja. Akinywa yeye, mimi nimeshika upande wake. Nikinywa mimi, yeye kashika wangu. Na jioni ikifika, masikio yanavuma kama nyuki wamehamia kichwani, nani ana hamu ya maneno? Tunafika getini, yeye anakunja huku, mimi nakunja kule kwenda Ilomba nilikopanga. "Haya Mnyaki." "Haya Mnyalu." Basi.

Lakini msidhani tulikuwa hatuongei. Tuliongea kutwa! Alinieleza kwa mikono jinsi mama mkwe wake alivyoteleza na ndoo ya maji kichwani, akaenda nayo mpaka mtoni amekaa kitako, na nikacheka mpaka jiwe likaniponyoka likaangukia mguu. Mguu wenyewe mpaka leo ukucha wake mmoja hauoti vizuri. Nilimweleza habari za wanangu, mmoja yuko Dar, mwingine Tunduma, wote wanapiga simu sikukuu. Alijua nikiwa nimegombana nyumbani kabla sijashika nyundo. Sijui aliona nini. Pengine mabega.

Mke wangu alikuwa ananifungia ndizi za kupika kwenye hotpoti la bluu. Mnyalu alikuwa ananitania kwa ajili ya hilo hotpoti, anajifanya anacheza ngoma, anajipiga tumbo. Basi mke wangu akaugua, akafariki, tukamzika Tukuyu. Mnyalu wakati huo alikuwa likizo kwao, hana habari. Aliporudi kazini akanikuta niko kwenye taya zangu. Akatazama pale kwenye kizingiti ninapowekaga chakula, hapana kitu. Akanicheka, akajipiga tumbo, akainua mikono, hotpoti liko wapi leo?

Sikuwa na alama ya kifo. Hatukuwahi kuitengeneza. Nikapishanisha mikono kifuani. Mashine imesimama. Akageuka kutazama mashine, inazunguka. Akanitazama mimi. Nikapishanisha tena. Halafu akaelewa, nikamwona anavyoelewa, uso wake wote umejaa unga mweupe, isipokuwa machoni. Hakuja kunishika, hakunipa pole. Alisogea katikati, akanionyesha nikakae kwenye rundo la mifuko. Siku ile alishika pande zote mbili mpaka jioni. Watu wengi wamenipa pole maishani, mchungaji, majirani, wanangu. Ninayoikumbuka ni ile.

Tuendelee. Mnyalu alistaafu kabla yangu, mguu wake mmoja ulikuwa umekwisha goti. Getini tuliagana kama siku zote, haya Mnyaki, haya Mnyalu, akapanda basi. Mimi nimebaki, sasa naitwa siku wanazonihitaji, kuchagua jiwe, kuanika na kulisha taya. Upande wa mkanda wamemweka mtu mwingine, baba wa familia, mtu mzuri tu. Anavaa vile vya kuzibia masikio vyenye muziki ndani. Na mashine nayo siku hizi ina taa, nyekundu na kijani, ndiyo anayoitazama. Mimi naweza kukung'uta vidole mpaka vikatike, yeye macho yako kwenye taa. Simlaumu. Taa haikosei.

Halafu siku moja simu ikalia, nikiwa nyumbani Ilomba nachambua mchele. Sauti nyembamba, kama ya mama wa kwaya, ikasema, "Wewe bado hujafa?"

"Nani mwenzangu?" nikauliza.

"Ah! Hunijui? Mimi!"

"Mimi nani?"

"Mnyalu, we mzee! Mnyalu!"

Nilishtuka. Miaka yote ile, nisiijue sauti yake. Akaniambia ana neno. Nyuma ya nyumba yake, kuelekea kwenye ile miti ya milingoti, kuna kipande cha ardhi. Kijana wake anataka kupanda maparachichi mvua zikianza, lakini yeye amemzuia kwanza. "Huko Ilomba una nani?" akasema. "Njoo ujenge kachumba kako hapa. Tuzeeke. Ukikataa, kijana apande miti yake."

Huko Ilomba nina nani. Aliuliza vizuri tu, bila ubaya. Mama mwenye nyumba ni mtu mwema, muumini wa msikiti wa pale karibu, kila Idi ananiletea pilau. Lakini pilau ni siku moja. Siku nyingine naamka, najisalimia mwenyewe, narudisha salamu. Tukuyu mashamba ndugu walishagawana, na mimi sikuwepo. Basi nikasema nitakwenda nikaone kwanza.

Nilishuka Ipogolo, pale chini barabara kuu inapopita kabla ya kupanda mlima wa Iringa mjini. Alikuja kunipokea na fimbo. "Kamwene!" akasema. "Kamwene," nikajibu, ndicho Kihehe ninachokijua. Tukatazamana. Nilikuwa sijawahi kumwona bila unga. Ni mweusi sana, kumbe! Na yeye nadhani alikuwa ananishangaa vilevile, maana alisema, "Umezeeka vibaya, Mnyaki," nikamwambia, "Wewe umezeeka vizuri? Tazama goti hilo." Tukacheka, nikaona mambo yatakwenda.

Kwake ni juu kidogo, unaacha barabara, unapanda, unapita kanisa la Kilutheri linalojengwa, halafu nyumba. Kumetulia mno. Nilikaa barazani nikasikia masikio yangu mwenyewe yanavuma. Mkewe akaniletea maji ya kunawa, akasema, "Karibu shemeji, tumekusikia miaka mingi, leo tumekuona."

Na Mnyalu akaanza kuongea.

Jamani. Yule mtu anaongea! Aliongea habari za bati za kanisa, nani kachanga nani hajachanga. Akaongea bei ya maparachichi. Akaongea jirani aliyesogeza mpaka, wakaenda kwa mtendaji, mtendaji akasema hivi, jirani akasema vile. Mimi nasema "eeh," nasema "kumbe." Nilikuwa namtafuta mtu wangu ndani ya ile sauti simwoni. Ilikuwa kama kukaa na kaka yake. Nami kila nilipotaka kusema kitu, ulimi mzito. Na masikio ya wote wawili jiwe limekwisha kuyala.

"Mwenye nyumba wako hajambo?" akauliza.

"Nyumba haina jambo, ila choo."

"Choo?"

"Nani ana choo?"

"Si wewe umesema choo!"

Mkewe akacheka mpaka akashika nguzo. "Hawa walifanyaje kazi pamoja, hawa?"

Kwenye chakula ugali ulikuwa mlaini, wa mahindi mapya. Nikamtazama Mnyalu, nikasuguanisha vidole viwili, unga umelainika. Nilidhani atafurahi. Akamtazama mkewe haraka, akatazama sahani. Baadaye mkewe aliniambia jikoni, kwa utaratibu tu, kwamba alipostaafu alikuwa anarusharusha mikono kila mahali, hata ibadani, wenzake wazee wa kanisa wakawa wanacheka. "Nikamwambia mume wangu, unaonekana kama bubu. Ameacha sasa." Na kweli nilimwona, akiongea anaweka mikono kwapani, kila mmoja kwapa lake, kama mtu anayesikia baridi.

Kesho yake akanionyesha kipande chenyewe. Ameshachomeka vijiti pembe zote. Pazuri, siwezi kusema uongo. Milingoti inanukia, udongo mwekundu, unaona bonde lote. "Hapa mlango," akasema. "Hapa dirisha, jua la asubuhi linakuingilia." Nilisimama katikati ya vijiti vyangu nikajiona niko humo ndani, nimekaa, kumetulia, na ng'ambo ya ukuta kuna mzee mwenye sauti nyembamba anayeniuliza habari za choo. Ilomba niko mpweke, lakini Ilomba nina mtu mmoja Iringa. Nikihamia hapa nikamkosa, nitakuwa na nani, wapi?

"Unasemaje?" akauliza.

"Nitafikiri."

"Unafikiri nini tena? Mvua hizo zinakuja, kijana ana miche yake."

"Mnyalu, nitafikiri."

Alielewa kwamba sikupapenda, na hakuelewa kwa nini, na mimi sikuwa na maneno ya kumweleza. Tulishinda siku ile tukiwa na adabu sana. Karibu chai. Ahsante. Ongeza sukari. Inatosha. Mkewe naye alipunguza kucheka.

Siku ya kuondoka akanisindikiza mpaka Ipogolo. Basi za kwenda Mbeya zinasimama ng'ambo, nikamwambia na goti hilo asivuke. Tukashikana mikono, "haya Mnyaki, haya Mnyalu," nikavuka peke yangu, nikaweka begi chini. Nilikuwa nasema moyoni, imekwisha. Nikifika nitampigia, nitamwambia kijana apande miti yake.

Malori ndipo yalipoanza. Pale ni mteremko na mlima, malori ya kwenda Tunduma yanabadilisha gia, mengine yanafunga breki ya injini, mlio unaingia mpaka kwenye mbavu. Lilipita moja, likafuata la tenki, likafuata lenye makontena. Katikati ya lori na lori nilimwona Mnyalu ng'ambo anafungua mdomo, ananiambia kitu. Nikashika sikio, sikusikii. Akapaza tena, namwona meno tu. Nikashika tena sikio.

Akasimama kidogo. Fimbo yake ilikuwa imeegemea nguzo ya kibanda cha mchuuzi. Halafu akatoa mikono kwapani.

Akaweka kiganja juu ya kichwa. Bosi anakuja! Nikageuka upesi kama zamani, nikaona trafiki anakuja taratibu, sare nyeupe, kofia nyeupe, kitambi mbele. Nilicheka mpaka machozi, wasafiri wenzangu wakasogea pembeni. Ng'ambo naye kashika mbavu. Ndiye huyu, nikasema. Ndiye mwenyewe huyu, alikuwa wapi siku zote hizi?

Tuliongea pale, malori yakipita katikati yetu, kuliko tulivyoongea barazani. Alinieleza goti. Alinieleza mambo ya kanisa, kwamba mzigo wa bati umemkalia shingoni, na ile barazani alikuwa anasema kwa kujisifu. Alinieleza kwamba mchana mkewe akienda shambani, nyumba nzima mikono imepishana kifuani, mashine imesimama. Nilimweleza hotpoti. Sijui kwa nini nilimweleza hotpoti, nilijipiga tumbo tu, nikaonyesha hakuna, kama alivyofanya yeye siku ile. Akatikisa kichwa muda mrefu. Mchuuzi wa pale kwenye kibanda alikuwa ametoka nje kabisa, anatutazama mmoja mmoja.

Halafu akagonga bega mara mbili. Akaonyesha kidole chini, pale aliposimama.

Basi likaja likasimama katikati yetu, kondakta akanyakua begi langu, "Mzee, panda panda, unatuchelewesha!" Nikapanda, nikakimbilia dirisha la upande wa pili nikampita mama mmoja na kuku wake. Alikuwa bado kanyoosha kidole chini. Nilitoa mkono dirishani nikakung'uta vidole. Jiwe bichi. Nikaona ameniangalia kwanza, halafu akafanya viganja vyote viwili kama anatandaza kitu sakafuni. Lianike. Basi likaondoka.

Nilirudi Ilomba, nikarudi kwenye jiwe langu. Siku moja vumbi lilinizidi, nikagonga bega, yule bwana wa mkanda akawa anatazama taa yake. Nikagonga tena. Mwisho nikatoka tu, nikakaa kwenye mifuko. Nikawa natazama upande wangu hauna mtu, taya zinatafuna hewa, na hakuna kilichoharibika. Mashine ilijizima yenyewe taratibu, taa ikawa nyekundu. Ndivyo ilivyotengenezwa. Nilikaa pale nikajua jiwe limeshakauka, na jibu langu siyo la milingoti.

Nikampigia Mnyalu mchana.

"Kijana apande maparachichi yake," nikamwambia.

Ile sauti nyembamba, "Basi, sawa. Nilijua."

"Hujajua. Sikiliza. Hapo chini Ipogolo, kwenye mlima ule, malori yanapobadilisha gia. Hakuna mtu anapangisha chumba?"

"Eeh?"

"Chumba! Barabarani!"

"We Mnyaki una wazimu? Pale kelele! Mtu halali pale, mtu hasikii mwenzake pale!"

"Ndiyo," nikasema. "Hapo hapo. Na uwe unateremka asubuhi na goti lako, tukae nje."

Nilidhani salio limekwisha, nikatazama simu, bado ipo. Nikasikia anapumua. Nikasikia na fimbo inaanguka chini, maana yake alikuwa ameiachia.

"Nitauliza," akasema.

Hatukukata. Yeye hakusema kitu, mimi sikusema kitu. Sijui kule kwake mikono ilikuwa inafanya nini. Mimi mmoja ulishika simu, na mwingine nilikuwa nagonga nao bega.